UZI: Tezi za shingo. Donge limetokea hapo, lakini chanzo kiko wapi?

AfisaWaKoo (mwanzishaji wa uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Mimi ni afisa wa kliniki, kitengo cha masikio, pua na koo, hapa Nairobi upande wa Eastlands. Shingo nimezishika nyingi, na kuna jambo nataka tulizungumze taratibu, kwa hiyo mniwie radhi uzi ukiwa mrefu.

Mwezi uliopita shosho mmoja aliniletea mjukuu wake wa miaka 9 (nimegeuza mambo mawili matatu asitambulike). Kijana alikuwa amevaa shati la shule, kifungo cha juu kimefungwa, na jua la saa saba lilikuwa linachoma. Alipokifungua nikaelewa kwa nini. Upande wa kulia, chini ya pembe ya taya, tezi 3 zilikuwa zimeshikana kama punje za kitunguu saumu. Juu ya ngozi kulikuwa na madoa 5 ya kuchomwa, yamepangwa mstari. Mtu alikuwa amemgusisha kijiti chenye moto ili tezi "zirudi ndani". Shosho akafungua leso, akapanga mezani pakiti tupu za dawa. Amoksilini mara 3. Kapsuli za rangi mbili ambazo jina lake lilikuwa limefutika. Chupa ya dawa ya kikohozi. Miezi 4 ya kuzunguka maduka ya dawa, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile: "Ni tezi tu, shosho, zitaisha."

Hilo neno "tu" ndilo lililoninyima usingizi.

Tezi ya shingo ni mpokeaji. Mara nyingi ugonjwa haukuanzia kwake, umeletwa na maji kutoka mahali fulani: kwenye jino, kwenye koo, kwenye ngozi ya kichwa, kwenye mapafu, hata tumboni. Ukiona matatu zimesongamana kituo cha Muthurwa, hurekebishi Muthurwa. Unauliza kuna nini Jogoo Road, barabara zinakotokea. Shingo ni hivyo hivyo. Kabla ya kuuliza umeze nini, uliza tezi hii inapokea maji ya wapi.

AfisaWaKoo

Tuanze na hayo maji. Damu inapopita kwenye vishipa vyembamba kabisa, sehemu ya maji yake huvuja nje na kulowesha nyama za mwili. Bila hivyo seli zisingepata chakula. Baadhi ya maji hurudi kwenye damu papo hapo, na yanayobaki, ambayo vitabu vingi vya kufundishia huyakadiria kuwa lita 3 hivi kwa siku, huokotwa na mishipa mingine iitwayo mishipa ya limfu. Ni myembamba, inakaribia kupitisha mwanga, na ndani yake mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili maji yasirudi nyuma. Haina moyo wa kuisukuma. Hujikaza yenyewe kidogo kidogo, na husaidiwa na kupumua, kutafuna, kumeza na kugeuza shingo. Ndiyo maana waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa shingo, au kuchomwa kwa mionzi, huamka asubuhi uso umejaa kisha ukapungua wakishasimama na kuanza kazi.

Mishipa hii ilichelewa kujulikana kwa sababu maji yake hayana rangi. Mwaka 1622 daktari Mwitaliano, Gaspare Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa ametoka kula, akaona nyuzi nyeupe zimetapakaa kwenye utando wa matumbo. Akadhani ni neva. Alipoukata mmoja, ukatoa kitu cheupe kama maziwa. Yalikuwa mafuta ya chakula yakisafiri ndani ya limfu.

Maziwa hayo huishia wapi? Shingoni. Limfu ya miguu, ya tumbo, na ya upande wote wa kushoto wa mwili hukusanyika kwenye mfereji mmoja unaopanda mbele ya uti wa mgongo, unapita kifuani, kisha unamwagika kwenye makutano ya mishipa mikubwa ya damu nyuma ya mtulinga wa kushoto. Upande wa kulia kuna mfereji mfupi unaobeba maji ya nusu ya kulia ya kichwa, shingo, kifua na mkono wa kulia. Shikeni hilo la mtulinga wa kushoto, nitalirudia.

Njiani kuna machujio, na hayo ndiyo tezi. Mwili wote una takribani 800, na kama 300 kati yake zimo shingoni. Fikirieni hilo: shingo ni fupi kuliko mkono, lakini imebeba zaidi ya theluthi ya tezi zote, kwa sababu juu yake kuna matundu ambayo kila kitu kinaingilia. Pua, mdomo, masikio, macho.

MamaMapacha

Asante daktari kwa kutueleza kwa lugha tunayoielewa. Binti yangu ana miaka 5. Nikimsuka naona tezi mbili ndogo kwenye kisogo, kama punje za ndengu. Haziumi, zinateleza chini ya kidole. Nimekaa na hofu wiki nzima. Jirani ameniambia ni saratani.

AfisaWaKoo

Mama Mapacha, pole kwa hiyo wiki. Umeelezea vizuri: ukubwa, mahali, haziumi, zinateleza. Tezi za kisogoni hupokea maji ya ngozi ya kichwa ya nyuma, na zile za nyuma ya sikio hupokea ya ubavuni. Kwa hiyo acha tezi, tazama nywele. Mkalishe kwenye mwanga wa dirisha, gawanya nywele mstari kwa mstari. Je, kuna mashilingi, ile duara yenye magamba ambapo nywele zimekatika? Kuna chawa? Kuna vipele vilivyotokea baada ya kusukwa kwa kubana sana? Watoto wengi wenye afya huwa na tezi ndogo zinazoshikika, kwa sababu miaka hiyo mwili wao unakutana na vijidudu kwa mara ya kwanza. Ikiwa ni mashilingi, jua kwamba ya kichwani hayaponi kwa krimu ya kupaka peke yake. Hutaka dawa ya kumeza ya wiki kadhaa, kwa sababu kuvu wamo ndani ya unywele wenyewe.

Kama ana homa na vipele vyembamba mwilini, hiyo yaweza kuwa rubela, nayo hupenda sana kuvimbisha tezi za kisogoni na nyuma ya masikio. Hapo usimpeleke karibu na mama mjamzito kabla hajaonekana hospitalini.

MamaMapacha

Nimetazama sasa hivi. Kuna mashilingi mawili karibu na utosi, yamefichwa na mistari. Mungu akubariki. Nampeleka kesho.

AfisaWaKoo

Vizuri. Na pacha mwenzake pia umkague, chanuo ni moja.

Sasa niwape ramani yenyewe. Keti, legeza mabega, inamisha kidevu kidogo ili ngozi ilegee. Tumia ncha za vidole viwili au vitatu, na uzungushe polepole, usibonyeze kama unatafuta kitu kilichopotea.

Anzia chini ya kidevu, katikati kabisa. Tezi za hapo hupokea maji ya ncha ya ulimi, ya katikati ya mdomo wa chini na ya meno ya mbele ya chini. Rudi nyuma kidogo chini ya mfupa wa taya: hapo ni meno mengine, ufizi, shavu na ubavu wa ulimi. Wagonjwa wengi wanaokuja na "tezi ya taya" nikiwaambia wafungue mdomo naona gego limeoza mpaka mzizini, na wamelizoea miaka. Antibayotiki hutuliza tezi kwa wiki mbili, jino likabaki pale pale, tezi ikarudi. Aliyehitajika alikuwa daktari wa meno.

Endelea mpaka kwenye pembe ya taya. Hapo pana tezi moja kubwa kuliko wenzake, ambayo kwa mtu mzima yaweza kufika sentimita 1.5 bila ubaya wowote. Hupokea maji ya mafindofindo. Mtoto akiwa na koo, ndiyo ya kwanza kuinuka. Mbele ya sikio kuna tezi za kope, za panja na za ngozi ya uso: mtu mwenye macho mekundu na kidonge mbele ya sikio mara nyingi ana virusi vya macho.

Kisha geuza uso kulia, utaona msuli mrefu umetokeza upande wa kushoto, kutoka nyuma ya sikio mpaka kifuani. Chini ya msuli huo kuna mnyororo wa tezi unaofuatana na mshipa mkubwa wa damu. Karibu limfu yote ya kichwa hupitia hapo mwishowe. Sehemu ya juu hupokea mdomo na koo, ya kati hupokea kongomeo na sehemu ya chini ya koo, ya chini hupokea kutoka tezi ya thairoidi na umio. Madaktari wa upasuaji wameigawa shingo kwa namba, I mpaka VI, na ukisoma ripoti ya skani utaona namba hizo. Ukisoma "II upande wa kulia", maana yake ni chini ya pembe ya taya ya kulia.

Nyuma ya msuli huo kuna pembetatu inayoteremka mpaka begani. Tezi zake hupokea maji ya kisogo na ya nyuma ya pua. Mtu mzima mwenye donge gumu la hapo au chini ya pembe ya taya, sikio moja limeziba, na damu kidogo kwenye makamasi, huyo nataka aonwe ndani ya siku chache na mtu mwenye kamera ya kuchungulia nyuma ya pua. Saratani ya huko hujificha, na mara nyingi tezi ya shingo ndiyo dalili ya kwanza mgonjwa anayoiona.

FundiGikomba

Swali dogo afisa. Matubwitubwi nayo ni tezi hizi hizi? Na rovu?

AfisaWaKoo

Hapana, ndugu Fundi, na ni vizuri umeuliza maana watu huzichanganya kila siku. Matubwitubwi ni ugonjwa wa tezi ya mate iliyo mbele na chini ya sikio. Uvimbe wake huziba lile bonde la pembe ya taya na kuinua ndewe ya sikio kwa nje, na mgonjwa huumia akila kitu kichachu kwa sababu mate yanatoka kwa shida. Rovu ni tezi ya thairoidi, iko mbele ya shingo, katikati. Mpe mtu glasi ya maji na utazame akimeza. Rovu hupanda na kushuka pamoja na koo. Tezi ya limfu ya ubavuni haisogei hivyo.

DerevaMstaafu

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina miaka 58, nimeendesha gari njia ya Rongai miaka mingi. Hapo juu ya mtulinga wa kushoto, kwenye kibonde, nina kitu kama njugu. Hakiumi. Kina miezi 3 hivi. Duka la dawa walinipa prednisoloni, kikapungua, nikaacha, kikarudi. Jambo jingine ambalo sikumwambia mtu: ugali nusu sahani na tumbo limejaa, na mshipi nimeutoboa tundu jipya mara mbili.

AfisaWaKoo

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kusema. Nitakujibu waziwazi kwa sababu umeniambia waziwazi.

Mahali ulipotaja ndipo mfereji ule mkubwa wa limfu unapomwagika. Kwa hiyo tezi ya hapo yaweza kuwa inapokea habari kutoka mbali sana na shingo. Rudolf Virchow, daktari Mjerumani, aliieleza mwaka 1848 kuwa huvimba kwa watu wenye saratani ya tumbo, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Haimaanishi kwamba wewe unayo. Kifua kikuu huvimbisha tezi za hapo, na saratani ya limfu yenyewe pia, na zote hizo zina matibabu. Lakini tezi inayoshikika juu ya mtulinga hatuiiti ya kawaida kwa umri wowote, na ukiongeza kushiba haraka na kukonda, hii si ya kusubiri mwisho wa mwezi.

Wiki hii nenda hospitali ya rufaa. Waambie maneno matatu uliyoniambia: donge juu ya mtulinga wa kushoto, nashiba haraka, nimekonda. Na uwaambie kuhusu prednisoloni, lini ulianza na lini ulimaliza. Dawa hiyo hunyausha saratani ya limfu kwa muda, kisha kipimo kikichukuliwa jibu linatoka halieleweki. Kupungua kwake hakukuwa kupona. Aliyeiuza bila kukugusa shingo alikukosea.

DerevaMstaafu

Marahaba. Nimekusikia. Nitaenda Alhamisi.

KidagaaWaUmoja

Mimi nataka watu wajue upande mwingine. Mwaka 2016 nilikuwa na tezi nyuma ya ule msuli uliosema, upande wa kulia. Zahanati moja wakaniambia ni kitu cha dakika kumi, wakaikata pale pale kwa sindano ya ganzi. Ilikuwa tezi ya kawaida. Lakini tangu siku ile mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega. Kuanika nguo ni lazima nipande kistuli. Bega limeshuka, hata mkoba wangu unateleza.

AfisaWaKoo

Pole sana dada yangu. Najua kilichotokea, na hakikupaswa kutokea.

Katika ile pembetatu ya nyuma kuna neva inayopita juujuu, chini ya ngozi na mafuta kidogo tu. Ndiyo inayoendesha msuli wa kuinua bega. Imezungukwa na tezi, zimeshonana nayo. Anayekata tezi hapo bila kuitafuta neva kwanza na kuiweka kando anaweza kuikata bila hata kujua, kwa sababu jeraha ni dogo na damu ni kidogo. Mgonjwa hugundua baada ya siku kadhaa, anapotaka kuchana nywele. Hata leo inafaa umwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Neva iliyokatika miaka hiyo ni vigumu kuunganishwa, lakini misuli mingine ya bega inaweza kufundishwa kusaidia, na maumivu ya shingo yakapungua.

Nisisitize kwa wote: kwa mtu mzima mwenye donge la shingo, kipimo cha kwanza ni sindano nyembamba. Wanaichoma kwenye donge, wanafyonza seli chache, wanazipaka kwenye kioo. Haihitaji kulazwa. Kukata tezi nzima huja baadaye, ikiwa sindano haikutoa jibu au inashukiwa saratani ya limfu, maana hiyo mtaalamu hutaka kuona umbile la tezi yote. Na kabla ya kukatwa, mdomo, koo na nyuma ya pua viwe vimeshachunguliwa.

Mwanachiromo

Afisa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, tuko kwenye anatomia. Kuna jambo linanisumbua. Tumefundishwa ubongo hauna limfu. Sasa maji yake huenda wapi?

AfisaWaKoo

Mdogo wangu, nami nilifundishwa hivyo hivyo. Mwaka 2015 makundi mawili, moja la Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani na jingine la Helsinki, yalionyesha kwenye panya kwamba utando unaofunika ubongo una mishipa ya limfu, na maji yake hushuka mpaka kwenye tezi za ndani za shingo. Mwitaliano Paolo Mascagni alikuwa ameichora mwaka 1787, lakini wengi hawakumwamini. Kwa hiyo shingo hiyo hiyo unayoipasua kwenye maabara ya anatomia pale Chiromo hupokea hata maji ya ubongo. Soma sana sura ya shingo, usiiache kwa usiku wa mwisho.

MtuWaUgenya

Kwetu upande wa ziwa kuna ugonjwa wa watoto wa kuvimba taya. Mpwa wangu alianza na meno kulegea, tukadhani yanang'oka ya utoto. Ndani ya wiki mbili shavu lilikuwa limefunika jicho. Je, nao ni wa limfu?

AfisaWaKoo

Ndiyo, kaka, yaelekea unazungumzia limfoma ya Burkitt, na mtoto aende leo kama hajaenda. Ni saratani ya seli zile zile zinazokaa ndani ya tezi, ila kwa watoto wetu hupenda kuanzia kwenye mfupa wa taya. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyetoka Ireland, aliandika juu ya watoto hao mwaka 1958 akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini akiuliza hospitali baada ya hospitali, na ramani yake ikaangukia kwenye nchi za joto na mvua, kule kwenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wenzake wa London wakakuta kirusi ndani ya seli za uvimbe, kile cha Epstein na Barr. Ni miongoni mwa uvimbe unaokua haraka kuliko wote, waweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Na kwa sababu hiyo hiyo ya kukua haraka, dawa za saratani huupata vizuri. Meno yanayolegea kabla ya umri wake, pamoja na taya kuvimba, msiyasubirie.

MtuWaUgenya

Alitibiwa, sasa yuko darasa la 4. Niliuliza kwa ajili ya wengine watakaosoma.

AfisaWaKoo

Umenifurahisha sana. Asante.

MamaWaKimeo

Samahani kwa kuchelewa. Mama mkwe anataka mtoto akatwe kimeo kwa sababu ya kikohozi na tezi za shingo. Mume wangu amekubali. Mimi sitaki lakini sina la kuwajibu.

AfisaWaKoo

Mama, waambie hivi kwa heshima. Kimeo hakitoi kikohozi wala hakileti tezi. Kinaning'inia katikati ya pete. Nyuma ya pua kuna nyama za kinga, ubavuni kuna mafindofindo mawili, na nyuma ya ulimi kuna nyingine. Pete hiyo inaitwa kwa jina la Waldeyer, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1884. Kazi yake ni kuonja kila kinachoingia na kufundisha mwili kukitambua, na maji yake ndiyo yanayoshuka kwenye tezi za pembe ya taya. Mtoto akiwa na koo, tezi zinainuka, na kimeo kinavimba kidogo kwa kuwa kiko jirani. Kukikata kwa kisu cha mtaani ni damu, ni usaha kooni, ni pepopunda, na kikohozi kinabaki. Nimewapokea watoto waliofikishwa wakiwa wamepoteza damu nyingi. Kama kikohozi kimezidi wiki mbili na tezi zipo, mtoto apimwe kifua kikuu.

Na hapo nirudi kwa yule kijana wa shosho.

Tezi zilizoshikana, zisizo na joto, zisizouma sana, miezi 4. Tulichoma sindano, ikatoka kitu kizito kama jibini. Nusu tukaipeleka kwenye mashine ya GeneXpert, ile inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu, nusu kwenye kioo. Kesho yake jibu likarudi: kifua kikuu cha tezi. Ugonjwa huu ni wa kale. Wafalme wa Uingereza na Ufaransa waliaminika kuuponya kwa kumgusa mgonjwa, na mwaka 1712 Malkia Anne alimgusa mtoto Samuel Johnson, ambaye baadaye aliandika kamusi mashuhuri. Hakupona kwa mguso huo. Alibaki na makovu shingoni. Yule kijana wetu tunazo dawa, bure katika hospitali za umma: miezi 6, miwili ya kwanza dawa 4, minne iliyobaki dawa 2.

Shosho alikuwa amemtenga, kikombe chake na sahani yake. Nikamwonyesha picha ya kifua, safi. Ikiwa mapafu ni mazima, kifua kikuu cha tezi hakimwambukizi mtu kwa kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Pia nilimwonya kwamba katikati ya matibabu tezi zinaweza kuvimba zaidi kwa muda, asiache dawa akidhani hazifanyi kazi. Na mtu asizipasue kama jipu. Usaha wa kifua kikuu ukifunguliwa kwa wembe huacha tundu linalovuja miezi mingi.

FundiGikomba

Kwa hiyo afisa, mtu asubiri muda gani kabla ya kwenda?

AfisaWaKoo

Wiki mbili. Tezi ya koo au ya mafua huanza kunywea ndani ya muda huo. Ikipita wiki mbili iko vile vile au imekua, apimwe. Aende mapema zaidi ikiwa ni ngumu kama jiwe, haisogei chini ya ngozi, imezidi sentimita 1.5, iko juu ya mtulinga, au inaandamana na jasho la kulowesha shuka, kukonda, sauti kukwama, au kidonda cha mdomoni kisichopona. Na jambo moja watu hulipindua: linalouma ndilo wanaloliogopa. Tezi huuma kwa sababu gamba lake limevutwa ghafla, na mara nyingi hiyo ni kazi ya maambukizi ya kawaida. Lile lisilouma, linalokua polepole, ndilo nisilotaka likae.

DerevaMstaafu

Afisa, nimerudi. Alhamisi nilienda. Nilikaa foleni mpaka saa tisa, lakini yule daktari kijana aliposhika shingo yangu alinyamaza, akamwita mkubwa wake. Wakachoma sindano mara mbili. Jibu ni baada ya siku 7. Wamenipa pia tarehe ya kamera ya tumboni, Jumanne. Nimwambie mke wangu au nisubiri jibu?

AfisaWaKoo

Mwambie leo, mzee wangu. Mtu wa kamera ya tumboni mara nyingi hupewa dawa ya usingizi mwepesi, watataka mtu wa kukurudisha nyumbani. Na kesho asubuhi, kama unaweza, rudi kwenye maabara uwaulize kama sehemu ya ile sindano imepelekwa kupimwa kifua kikuu pia. Ikiwa bado, daktari anaweza kuandika sasa kabla ya siku hizo 7 kupita.

DerevaMstaafu

Nimemwambia. Amekaa hapa karibu yangu anausoma uzi huu tangu mwanzo. Anauliza Jumatatu usiku nile nini.

AfisaWaKoo

Mama, shikamoo. Ale chakula chepesi mapema jioni, uji au wali kidogo, na baada ya saa nne usiku asile chochote mpaka kamera iishe. Ile karatasi waliyompa hospitalini ndiyo ya kufuata ikitaja saa nyingine. Na abebe pakiti ya prednisoloni, hata kama ni tupu.